Kilo Kumi na Nne

Kila Alhamisi, ukungu ukishaifunga njia ya Kibao,
navuta jiko la mkaa karibu na miguu,
nakiweka kimeza juu ya magoti:
wembe, rula ya chuma, gundi kwenye kifuniko cha chupa,
na kijiti cha mwanzi wa ulanzi
nilichokipasua ncha kama ulimi wa nyoka
kipate kuung'ata utepe.

Utepe ni milimita tatu. Ukizidisha, ua linakuwa kabichi.
Unauchomeka kwenye ule mpasuko, unazungusha,
unazungusha taratibu, kama anayemlisha mgonjwa uji,
kisha unauachia.
Unatanuka wenyewe, unatafuta mahali pa kupumulia.
Ukiubana upande mmoja ni chozi.
Ukiubana pande mbili ni jicho, au jani, inategemea siku.
Ukiubana kwa hasira ni taka,
na taka ninazo ndoo nzima, zinawashia moto vizuri.

Mwaka wa kwanza nilisokota maua matupu.
Vumilia Kihwele aliagiza kadi za harusi arobaini,
akalipa ishirini na mbili; nyingine akasema tutaonana.
Tunaonana. Kila Jumapili, benchi la tatu.

Mwaka huu nilitaka kichaka cha chai.
Lakini kijani cha karatasi ya dukani ni kijani cha jezi,
hakijawahi kunyeshewa.
Nikakumbuka boksi la viatu chini ya kitanda cha mama:
vikaratasi vya mizani, miaka kumi na tisa ya mashambani,
kijani kilichochujuka kikawa kama jani la juzi.
Tarehe. Namba 318, ndiye yeye. Kilo.
"Chukua," alisema akichambua maharage. "Vilishalipwa."

Basi nikakata.
Siku moja ya mgongo wake inatoa tepe tano,
tepe tano ni majani matano, na moja huharibika.
Wino wa karani ukawa mishipa ya majani:
hapa mkia wa tisa, pale tumbo la sita.

Alhamisi ya nne akasogeza kigoda.
"Unasokota kama unaogopa."
Kijiti akakiweka pembeni, hakukihitaji.
Dole gumba na cha shahada, vile vile viwili
vilivyochuma majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi,
mvua ikiingia shingoni na kapu likivuta paji la uso,
bado vina weusi wa utomvu kwenye mistari ya ngozi.
Mimi moja, yeye matatu.
Wala gundi haikumgusa mkono.

Halafu akaacha.
Akainua kikaratasi mpaka kwenye taa,
akakisogeza mbali, akakirudisha karibu.
"Hiki usikikate."
Kilo kumi na nne.
"Zilikuwa ishirini na moja. Nilimwambia.
Akanijibu mizani haisemi uongo."
Mkaa ukapasuka. Nje, misonobari ilikuwa inadondosha maji
ingawa mvua ilikwisha tangu saa kumi.
"Ulikuwa mgongoni," akasema. "Ulikuwa na degedege."
Akakifunga kwenye pindo la kanga
akachukua kingine, akaendelea kusokota.

Kichaka sasa kiko ukutani, juu ya redio.
Majani mia tatu na kitu, nilipoteza hesabu mara mbili.
Kulia, chini, pana upara: mahali pa majani saba.
Nilitaka kupajaza. Nilikwisha kupaka gundi.
Mama akaifuta kwa kidole chenye mate.

Wageni huja, husifu, hugusa pasipogusika.
Mchungaji alikunywa chai vikombe viwili
akauliza mbona hapa hamkumalizia.

"Muulize karani," mama akasema,
akamwongezea sukari.